Daftari Kwanza, Ubao Baadaye

Wazee wetu walituusia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usia huo uliwahusu wenye maduka, wenye mashamba ya mikarafuu na manahodha wa majahazi. Leo unazihusu ofisi za Serikali kuliko wakati wowote uliopita, kwa kuwa umepatikana mtambo unaoweza kulipamba daftari lisilokuwapo mpaka likaonekana lipo.

Mtambo tunaousema ni wakala wa akili mnemba anayeandika programu za kompyuta. Mwaka 2025 makampuni kadhaa ya Marekani, Anthropic na OpenAI yakiwa miongoni mwao, yalitoa mawakala wa namna hiyo, na tangu hapo matumizi yao yameenea upesi duniani. Mtu hukaa mbele ya kompyuta, akaeleza kwa maneno ya kawaida, hata kwa Kiswahili, kitu anachokitaka. Wakala husoma faili zilizomo, huandika programu, huijaribu, huona ilipokosea, huirekebisha na kuijaribu tena, mpaka kazi isimame. Miongoni mwa kazi anazotumwa mara nyingi ni kujenga dashibodi, yaani ubao wa takwimu: ukurasa mmoja wa kompyuta wenye tarakimu, michoro na ramani, ambao mkubwa wa kazi akiutazama hupata kujua mambo yanavyokwenda bila ya kupekua majalada kumi.

Tuchukue mfano wa afisa wa uvuvi wa wilaya. Mezani kwake ana madaftari yaliyotoka kwa mabwana diko: tarehe, aina ya samaki, uzito, bei ya mnada, na idadi ya vyombo vilivyoshusha. Akiisha kuyanakili katika jedwali la kompyuta, humwagiza wakala amtengenezee mradi utakaoonyesha samaki walioshushwa kila wiki katika kila diko, pamoja na bei zao. Wakala husimamisha kiunzi chote cha kazi: mahali pa kuweka takwimu ghafi, mahali pa programu ya kuzisafisha, mahali pa michoro, na ukurasa wa maelezo wa kumwongoza mwenziwe atakayeipokea kazi hiyo. Alioanza asubuhi, jioni ubao uko tayari, na waweza kupelekwa kwa wenziwe wa wilaya nyingine nao wakautumia kwa takwimu zao.

Zamani si nyingi kazi hiyo ilikuwa safari ndefu. Wilaya iliandika barua kwa wizara, wizara ikatafuta fedha, fedha zikamtafuta mkandarasi, na mkandarasi akaja na kompyuta zake na kuondoka na ujuzi wake. Ilipotakiwa kubadilishwa safu moja tu ya jedwali, ilisubiriwa bajeti ya mwaka ujao. Ubao uliojengwa kwa fedha za mradi ulizimika siku mradi ulipomalizika. Kwa hiyo tunasema bila ya kigugumizi kwamba ujio wa mawakala hawa ni jambo la heri, na hatuoni sababu ya kulikunjia uso. Kijana wa wilayani aliyepata elimu ya kutosha ya kompyuta sasa anaweza kuifanyia ofisi yake kazi ambayo jana ilinunuliwa kutoka mbali. Huko ndiko kujitegemea tulikokuwa tukikuhubiri kwa miaka mingi.

Wala visiwa vyetu si wageni katika kazi ya takwimu. Kuanzia mwaka 2016 vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kazi ya kuvipiga picha visiwa hivi kwa ndege ndogo zisizokuwa na rubani, ili ipatikane ramani mpya ya ardhi na majumba yetu. Kabla ya hapo, mwaka 2008, ulianzishwa mpango wa kugundua mapema miripuko ya malaria. Ulianza na vituo 10 vya afya, ambavyo kila wiki vilipeleka kwa simu ya mkononi idadi ya wagonjwa waliopimwa na idadi ya waliokutwa na vimelea. Baadaye ukaongezwa utaratibu wa afisa wa wilaya kumfuata mgonjwa nyumbani kwake na kuwapima aliokaa nao. Pamoja na vyandarua, dawa na upigaji dawa majumbani, utaratibu huo ulisaidia kuiweka malaria katika kiwango cha chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi.

Tuutazame vizuri mpango huo, kwani una funzo kwa jambo tunalolizungumza. Chombo chake kilikuwa simu ya kawaida, tena ya bei ndogo. Nguvu yake ilikuwa kwa muuguzi aliyehesabu kila wiki bila ya kukosa, kwa afisa aliyeona kwamba kituo fulani hakikuleta hesabu akapiga simu kuuliza, na kwa yule aliyepanda pikipiki kwenda kugonga mlango wa mgonjwa. Tarakimu ilikuwa na mzazi, na ilikuwa na kazi ya kufanya. Ubao wowote wa takwimu, uwe umejengwa na mtu au na wakala, usipokuwa na hayo mawili ni picha ya ukutani.

Na hapa ndipo penye wasiwasi wetu. Kiunzi kilipokuwa ghali, ughali wenyewe ulikuwa kinga. Hakuna aliyegharimia ubao bila ya kwanza kuulizana na wenziwe kama takwimu zipo. Sasa kiunzi kimekuwa rahisi, na kila idara, kila kitengo na kila mkubwa wa ofisi aweza kuwa na ubao wake wenye rangi za kupendeza. Uzuri wa michoro hausemi lolote juu ya ukweli wa hesabu. Wakala huichora tarakimu ya uongo kwa unadhifu uleule anaoichorea ya kweli.

Turejee dikoni. Katika msimu wa kusi, bahari ikichafuka, vyombo hukaa pwani na daftari huandikwa sifuri. Sifuri hiyo ni habari ya kweli: siku ile hapakuingia samaki. Lakini iko siku nyingine ambayo bwana diko aliugua, au daftari lilijaa na jipya halijaletwa, na ukurasa ukabaki mtupu. Ukurasa huo una maana kwamba hatujui. Programu iliyoandikwa kwa haraka huweza kuyajumlisha mawili hayo na kuyafanya kitu kimoja. Mahali patupu pakageuzwa sifuri, mstari wa mchoro ukaporomoka, na wizarani ikasomwa kwamba samaki wamepungua katika diko lile. Wavuvi wake wakahesabiwa wavivu au bahari yao ikahesabiwa imekwisha, kumbe lililokuwa limekwisha ni daftari la shilingi chache. Wakala hakukusudia ubaya. Hakuambiwa tofauti ya sifuri na kutojua, na aliyemtuma hakukumbuka kumwambia.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Wakala anayetakiwa kusimamisha ubao kabla ya takwimu kufika aweza kujaza tarakimu za mfano, alizozibuni mwenyewe, ili michoro ipate kuonekana. Kwa fundi hilo ni jambo la kawaida, kama mshoni anayekatia nguo kwa karatasi kabla ya kuleta kitambaa. Pengine wakala ameandika ndani ya programu kwamba tarakimu hizo ni za majaribio. Lakini mkubwa anayeoneshwa ubao mkutanini hasomi yaliyomo ndani ya programu. Anaona mchoro unaopanda, anafurahi, anaunukuu katika hotuba, na gazeti linauchapa. Hapo uongo usiokuwa na mwenyewe unakuwa umepata muhuri wa Serikali.

Yako pia makosa yanayotokana na ugeni. Mawakala hawa wamefunzwa kwa maandishi mengi ya ulimwengu, na mengi ya hayo hayakuandikwa kwetu. Daftari letu likisema chombo kiliingia saa 2 asubuhi, mzawa anaelewa kwamba jua limekwisha kuchomoza. Wakala asiyeelekezwa aweza kuliandika hilo kuwa ni saa nane ya usiku. Tarehe iliyoandikwa 3/4 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Pemba kuna Kiuyu Mbuyuni katika Wilaya ya Micheweni na Kiuyu Minungwini katika Wilaya ya Wete, na karani mwenye haraka huandika Kiuyu tu, kwa kuwa yeye na mwenziwe wanajuana. Wakala hajuani nao. Ataziunganisha shehia mbili kuwa moja, na wagonjwa wa huku watahesabiwa huko. Na mkulima anayetaja karafuu zake kwa pishi hawezi kuwekwa safu moja na aliyezitaja kwa kilo bila ya mtu kusimama na kuuliza.

Hata hesabu iliyo maarufu yaweza kupotoka. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Zanzibar ina watu 1,303,569. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,889,773. Maandishi yenye hesabu ya kwanza bado yamejaa kila mahali, na wakala asiyepewa hesabu ya pili aweza kuichukua ile ya kwanza. Ubao utakaogawa idadi ya visima, madaktari au madarasa kwa hesabu ya mwaka 2012 utamwonesha kila mwananchi kuwa amehudumiwa vizuri kuliko ilivyo kweli. Watu zaidi ya nusu milioni watakuwa wamefutwa bila ya mtu kunyanyua mkono.

Pengine atatokea msomaji wa kusema kwamba haya ni makosa madogo ya makarani. Kwetu sisi watu wa visiwani hakuna haja ya kufundishwa bei ya hesabu iliyokosewa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia kupita kiasi chake. Hesabu ya watu waliokuwamo ikawa jambo la kubishaniwa kwa muda mrefu, kwa kuwa orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Ziko familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika, na jina la mtu wao halikuwamo katika karatasi yoyote ya safari ile. Hakuna ubao, hata ungekuwa mzuri namna gani, ungeweza kuokoa watu kwa orodha ya uongo. Kazi ya kuokoa ilikuwa pale ngazini, kwa mtu aliyehesabu vichwa na aliyekuwa na uwezo wa kusema kwamba imetosha.

Kwa hiyo hatusemi kwamba mawakala waachwe. Tunasema kwamba ubao uje baada ya daftari, na kwamba daftari liwe na mwenyewe. Ubao ukishajengwa, ujengwe kwa namna ya kuweza kushirikiwa, na neno hili kushirikiwa tunataka lieleweke vyema, kwani wengi hulichukua kwa maana ya kutuma picha ya mchoro katika simu za wakubwa. Hiyo ni kuonesha tu.

Mradi wa kushirikiwa ni jalada zima ambalo mtu wa pili anaweza kulifungua, akalisoma, akairudia hesabu na kupata jawabu lilelile. Ndani yake mna takwimu ghafi kama zilivyotoka dikoni, bila ya kuguswa. Mna programu iliyozisafisha, ili ijulikane ni nini kilichotupwa na kwa sababu gani. Mna maelezo ya kila safu: uzito ni wa kilo au wa pishi, saa ni ya Kiswahili au ya Kizungu, mahali patupu pana maana gani. Mna jina la ofisi iliyohesabu na tarehe ya hesabu. Afisa wa Wete akiletewa jalada la mwenziwe wa Mkoani, aweze kuweka takwimu zake bila ya kumwita fundi wala kulipa. Zanzibar ina wilaya 11. Kiunzi kimoja kilichojengwa vizuri chatosha wilaya zote, na wilaya itakayoona kosa itawasahihishia kumi zilizobaki.

Chombo cha kulinda jalada la namna hiyo kipo, tena hakiuzwi. Tangu mwaka 2005 mafundi wa programu wanatumia Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds, ambayo huhifadhi kila badiliko pamoja na jina lililoandikishwa la aliyelifanya na tarehe yake. Mtunza ghala wa zamani angelifahamu jambo hili mara moja: hakuna kufuta kwa wino, hakuna kuchana ukurasa, na kila anayegusa hesabu aweke saini. Wakala mwenyewe anajua kukitumia chombo hicho, na mara nyingi hukiweka bila ya shida akitakiwa. Kinachotakiwa ni mkubwa wa ofisi kusema kwamba bila ya hicho kazi haipokelewi.

Tuongeze jambo moja ambalo mwenye kukaa kisiwani hawezi kulisahau. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima baada ya kuharibika kwa umeme unaotoka Bara, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa gizani tena kwa miezi mitatu. Ubao unaoishi katika kompyuta za ng'ambo pekee huzimika nasi. Kwa hiyo kila mradi uwe na nakala hapa nyumbani, uweze kufunguliwa bila ya mtandao, na uweze kuchapwa katika karatasi moja. Karatasi hiyo tungependa kuiona imebandikwa ofisini kwa sheha na ukutani dikoni. Mvuvi hana haja ya kompyuta ili ajue kwamba wiki iliyopita diko lake liliandikiwa kilo kadha. Akiona hesabu siyo, atasema. Hapana mkaguzi wa takwimu aliye bora kuliko mtu aliyevua samaki wenyewe, wala mama wa mwani aliyebeba mzigo wake mwenyewe kutoka majini.

Kushirikiana kuna mpaka wake. Hesabu ya wagonjwa wa kituo ni habari ya umma. Jina la mgonjwa si habari ya umma. Jamhuri ya Muungano ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na busara ya kawaida ilikuwapo kabla ya sheria. Afisa anapomkabidhi wakala faili aisome, mara nyingi maneno yaliyomo husafiri hadi katika kompyuta za kampuni iliyo nje ya nchi ili yafanyiwe kazi. Basi faili lenye majina, namba za simu na maradhi ya watu lisikabidhiwe kwa wepesi huo. Kwanza yaondolewe majina, na pale panapokuwa na shaka iulizwe Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar. Na katika shehia ndogo, ambapo mgonjwa ni mmoja na kila mtu anamjua, hata tarakimu moja yaweza kuwa ni jina. Wapangaji wa ramani walikumbuke hilo.

Baada ya maelezo haya, tunatoa mapendekezo yetu kwa wakuu wanaohusika, tukiamini kwamba hakuna hata moja linalohitaji mkopo wala mgeni.

Kwanza, ofisi yoyote inayotaka ubao wa takwimu ioneshe daftari lake la miezi mitatu mfululizo kabla ya kumtuma wakala. Asiyekuwa na daftari la miezi mitatu atumie fedha zake kununua madaftari na kuwalipa wahesabuji posho zao kwa wakati.

Pili, kila tarakimu inayotundikwa ioneshe imetoka wapi, imehesabiwa na ofisi gani na lini. Mahali pasipojulikana paandikwe kwamba hapajulikani. Afisa anayekubali kuandika hivyo asilaumiwe, alaumiwe anayeficha.

Tatu, ipigwe marufuku kuonesha mkutanini ubao wenye takwimu za mfano bila ya maandishi makubwa yanayosema hivyo juu ya kila mchoro.

Nne, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali itoe orodha moja ya majina na alama za shehia zote, pamoja na hesabu za karibuni za watu, katika faili ambalo kila mradi utalitumia. Wakala akipewa orodha hiyo hatakuwa na sababu ya kubahatisha Kiuyu ni ipi.

Tano, kabla ya ubao kutundikwa, mtu asiyekuwa fundi achukue kurasa 10 za daftari na kuzilinganisha na ubao kwa mkono. Kazi hiyo ni ya saa moja. Wakala huandika programu kwa dakika chache, na muda uliookolewa utumike hapo.

Sita, vijana wetu wa vyuo wafundishwe kumtuma wakala na pia kumkagua. Anayejua kutuma tu ni kama mwenye shamba asiyejua kupima karafuu zake: kila siku atakubali kilo alizotajiwa na mwingine.

Gazeti nalo halijitoi. Mara ngapi sisi wenyewe tumechapa tarakimu tuliyoipata katika hotuba bila ya kuuliza imehesabiwa lini na nani? Makosa hayo ni yetu, na kuanzia sasa waandishi wetu wameagizwa kuuliza maswali hayo mawili kila wanapopewa hesabu. Tunawaomba maofisa wasiyachukulie kuwa ni utovu wa adabu. Ni maswali ambayo muuza duka yeyote wa Darajani humuuliza karani wake kila jioni.

Tunajua kwamba katika ofisi nyingi watu wanafanya kazi kwa moyo na kwa vifaa haba, na kwamba baadhi yao wamekwisha anza kuwatumia mawakala hawa kimya kimya, kwa hofu ya kuambiwa kwamba wamedanganya kazi. Wasihofu. Fundi wa jahazi hakuonewa aibu alipoanza kutumia msumeno wa umeme; lakini watu waliendelea kumtaka aweke mkuku kabla ya mataruma, na aingie mwenyewe katika jahazi siku ya kushushwa majini. Vivyo hivyo anayejenga ubao kwa msaada wa wakala na asimame mbele yake, aseme kwamba hesabu hizi ni zangu, nimezikagua, na kosa likionekana niulizwe mimi.

Huko dikoni, kabla ya adhuhuri, bwana diko hukaa juu ya kasha lake, kalamu sikioni, akisubiri mizani itulie. Tarakimu atakayoiandika ndiyo itakayopanda mpaka wizarani, ikapita katika programu asiyoijua, ikawa mchoro ambao pengine hatauona. Apatiwe daftari, kalamu na posho yake, na mwisho wa wiki aletewe karatasi ya kumwonesha kilichofanywa na hesabu yake. Hapo ndipo penye kuanzia kazi.